Srinivasa Ramanujan: karani wa bandari aliyezifungua siri za namba

Msikilizaji wetu, katika mfululizo wa makala zetu za watu waliobadilisha elimu duniani, leo tunamueleza Srinivasa Ramanujan, mwanahisabati wa India aliyefariki akiwa na umri wa miaka 32 tu. Kabla ya kwenda Cambridge hakuwa na shahada, alifeli mitihani ya chuo zaidi ya mara moja, na mshahara wake ulikuwa wa karani wa bandarini. Hata hivyo, zaidi ya miaka 100 baada ya kufa kwake, wataalamu wa vyuo vikubwa bado wanazichambua kurasa alizoziacha.

Tumeiandika makala hii kwa ajili ya wale wanaotusikiliza Mkoani, Chake Chake, Wete na Micheweni na kutusoma kupitia simu zao. Huhitaji kuwa mwalimu wa hesabu ili kuifuata. Ukijua kujumlisha, kuzidisha na kugawa, inatosha. Pale penye hesabu, fungua kikokotoo cha simu yako ujaribu mwenyewe.

NADHARIA YA NAMBA NI KITU GANI?

Hisabati ina matawi mengi. Kuna linalohusu maumbo, kuna linalohusu vipimo vya vitu vinavyobadilika, kuna takwimu. Tawi la Ramanujan linaitwa nadharia ya namba. Hili linazichunguza namba nzima zenyewe: 1, 2, 3, 4 na kuendelea. Linauliza zinagawika vipi, zinajumlishwa vipi, na zina tabia gani zilizojificha.

Chukua maembe 12. Unaweza kuyapanga safu 3 za maembe 4, au safu 2 za maembe 6. Sasa ongeza embe moja yawe 13. Utayapanga kila namna, lakini hayatakaa katika safu zilizo sawa, isipokuwa uyaweke yote katika mstari mmoja. Namba kama 13, isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe, inaitwa namba tasa. Nyengine ni 2, 3, 5, 7 na 11. Chini ya 100 zipo 25, na chini ya 1,000 zipo 168. Hazina mwisho, na mpangilio wake umewasumbua wataalamu kwa zaidi ya miaka 2,000.

Sisi watu wa mwambao tumeishi na elimu ya namba kwa karne nyingi. Tunaposema sita, saba, tisa na elfu, tunatumia maneno yenye asili ya Kiarabu. Tunaposema laki, neno hilo limetoka India. Na hizi tarakimu 1 mpaka 9 pamoja na sifuri zilianzia India, zikachukuliwa na Waarabu, ndipo zikaenea duniani. Majahazi ya kaskazi hayakuleta nguo na vyungu pekee.

UTOTO NA SKULI

Ramanujan alizaliwa tarehe 22 Disemba 1887 katika mji wa Erode, kusini mwa India, nyumbani kwa bibi yake mzaa mama. Alikulia Kumbakonam, mji mdogo wenye mahekalu mengi ya Kihindu. Baba yake alikuwa karani katika duka la nguo. Mama yake akiimba nyimbo za ibada hekaluni, na familia ikiweka wapangaji nyumbani ili kuongeza kipato. Akiwa na umri wa miaka miwili aliugua ndui, maradhi yaliyoua watoto wengi zama zile, akapona.

Skuli aling'ara mapema. Mwaka 1897, hata miaka kumi hajafika, alifaulu mtihani wa msingi kwa alama za juu kabisa katika wilaya yake. Alipofika miaka 13 alikuwa amekwishakimaliza kitabu cha trigonometria kilichoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wakubwa kuliko yeye. Mwaka 1904 alipomaliza sekondari, alipewa tuzo ya hisabati ya skuli pamoja na nafasi ya kusoma chuo bila ya kulipa ada.

KITABU KIMOJA KILICHOMBADILISHA

Mwaka 1903, akiwa na miaka 15, aliazima kitabu cha Mwingereza aitwaye G. S. Carr. Hakikuwa kitabu cha kupendeza. Kilikuwa orodha ndefu ya matokeo ya hisabati kama 5,000, yaliyopangwa kwa nambari, mengi yake bila maelezo ya kutosha ya namna yalivyopatikana. Carr alikiandaa kwa wanafunzi wanaojisomea ili wafanye mtihani.

Kijana mwengine angekirudisha. Ramanujan alikigeuza kuwa mwalimu wake. Alichukua tokeo moja moja na kutafuta mwenyewe njia ya kulifikia. Yalipomwishia ya kitabuni, akaanza kuunda yake. Karatasi ilikuwa ghali, kwa hiyo akikokotoa juu ya ubao wa mkononi wa kuandikia kwa chaki na kufuta kwa kiwiko cha mkono. Jibu likishapatikana, ndipo analiandika katika daftari. Njia aliyopitia hakuiandika.

Jambo hili lina maana kubwa katika maisha yake. Kutoka kwa Carr alijifunza kuandika majibu bila ya uthibitisho, na ndiyo maana baadaye watu wengi hawakujua wamchukulie vipi: ni bingwa au ni mbabaishaji?

KUFELI

Alipoingia chuo cha serikali cha Kumbakonam mwaka 1904, hesabu zilikuwa zimemteka kabisa. Kiingereza, historia na masomo mengine hakuyashughulikia. Akafeli, na nafasi ya kusoma bila ada ikaondoka. Kwa familia ile, hilo lilikuwa pigo la fedha na la heshima pia. Mwaka 1905 alitoroka nyumbani bila kuwaambia wazazi wake.

Alijaribu tena katika chuo cha Pachaiyappa, mjini Madras, ambao leo unaitwa Chennai. Mtihani wa mwaka 1906 alifeli, na wa mwaka 1907 alifeli pia. Katika hisabati alikuwa mbele ya wenzake wote, lakini kanuni zilitaka kufaulu masomo yote. Basi akabaki hana cheti wala kazi, na kwa vipindi fulani hana chakula cha uhakika. Alichokuwa nacho ni madaftari.

Mwaka 1909 mama yake alimuozesha kwa binti aitwaye Janaki, ambaye alikuwa bado mtoto, kwa desturi za jamii yao wakati ule. Ramanujan sasa alilazimika kutafuta riziki. Alizunguka na madaftari yake chini ya kwapa, akibisha hodi kwa watu wenye vyeo waliopenda hisabati. Mmoja wao, V. Ramaswamy Aiyer, aliyekuwa ofisa wa serikali na mwanzilishi wa Chama cha Hisabati cha India, aliyatazama madaftari yale na akakataa kumpa kazi ndogo ya ofisini kwake, kwa kuwa aliona kazi ile ingekiua kipaji hicho. Badala yake alimwandikia barua za kumtambulisha kwa wanahisabati wa Madras. Mwengine, R. Ramachandra Rao, alimpa fedha za kujikimu kwa muda. Mwaka 1911, makala ya kwanza ya Ramanujan ilichapishwa katika jarida la chama hicho.

KARANI WA BANDARI

Tarehe 1 Machi 1912 alianza kazi ya ukarani katika idara ya hesabu ya Bandari ya Madras, kwa mshahara wa rupia 30 kwa mwezi. Wazee wetu watakumbuka kusimuliwa kwamba hapa Zanzibar na Pemba nako rupia ndiyo ilikuwa fedha ya kununulia na kuuzia, karafuu zikiwemo, mpaka shilingi ya Afrika Mashariki ilipochukua nafasi yake mwaka 1936.

Bandarini alipata bahati ya wakubwa waliomwelewa. S. Narayana Iyer, aliyekuwa juu yake kazini, alikuwa naye mwanahisabati, na jioni wakikaa pamoja wakifanya hesabu. Mwenyekiti wa bandari, Sir Francis Spring, aliyekuwa mhandisi, naye alimuunga mkono. Hao ndio waliomhimiza aandike barua Uingereza.

BARUA YA JANUARI 1913

Wanahisabati wawili mashuhuri wa Uingereza walipelekewa karatasi zake, wakazirudisha bila ya msaada wowote. Tarehe 16 Januari 1913 Ramanujan alimwandikia wa tatu, G. H. Hardy wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Katika barua hiyo alijitambulisha kuwa ni karani wa bandari anayelipwa pauni 20 tu kwa mwaka, kwamba hana elimu ya chuo kikuu, na kwamba amejitengenezea njia yake mwenyewe katika hisabati. Akaambatanisha kurasa za matokeo yake, zaidi ya mia moja.

Hardy mwanzoni alidhani anachezewa. Jioni ile akamwita mwenzake, J. E. Littlewood, wakakaa na zile kurasa. Waliona mambo ya namna tatu. Yapo waliyokuwa wakiyajua tayari, ambayo Ramanujan aliyapata upya akiwa peke yake. Yapo machache yaliyokuwa na makosa, hasa alichodai kuhusu kuhesabu namba tasa. Na yapo mapya kabisa, ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Hardy alieleza baadaye kwamba haya ya mwisho lazima yawe kweli, kwa sababu hakuna mtu mwenye uwezo wa kubuni uongo wa namna ile.

Hardy alijibu tarehe 8 Februari 1913. Alisifu, lakini papo hapo akadai kitu kimoja: uthibitisho.

Tuseme kidogo juu ya neno hili. Mvuvi mzoefu anaweza kukuonesha mwamba wenye samaki na asiweze kukueleza amejuaje. Ukienda naye utapata samaki, na hilo linakutosha. Hisabati haikubali hivyo. Ni lazima uoneshe hatua moja baada ya nyengine, ili hata asiyekuamini afike pale pale ulipofika. Kosa la Ramanujan katika namba tasa lilionesha kwa nini. Kanuni yake ilitoa majibu yaliyokaribia sana ukweli kwa namba alizozijaribu, lakini haikuwa sahihi kwa namba zote.

KUVUKA BAHARI

Hardy alitaka aende Cambridge. Kikwazo kilikuwa dini na mila. Ramanujan alikuwa Mhindu wa tabaka la Brahmin, na kwa desturi za watu wake kuvuka bahari kwenda ugenini kulimtoa mtu katika jamii yake. Mwanzo alikataa, na mama yake pia hakuridhia. Wakati huo Chuo Kikuu cha Madras kilikubali kumpa rupia 75 kwa mwezi afanye utafiti tu. Mwaka uliofuata mama yake alitoa idhini. Tarehe 17 Machi 1914 Ramanujan alipanda meli ya Nevasa, na Aprili alifika London.

Miezi michache baadaye Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Alikuwa hali nyama wala samaki, na akijipikia mwenyewe chumbani. Vita ilipofanya vyakula kuadimika, mboga na viungo alivyovizoea vikawa shida kupatikana. Baridi nayo ilikuwa kali. Mke wake alibaki India.

Kazi lakini ilisonga. Hardy alikuwa mtu wa uthibitisho, Ramanujan mtu wa kuona jibu kabla ya njia. Kila mmoja alikuwa na kilichompungukia mwenzake. Machi 1916 Cambridge ilimpa shahada kwa utafiti wake, bila ya kumfanyisha ile mitihani iliyomshinda kwao. Mwaka 1918 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, na mwaka huo huo akawa Mhindi wa kwanza kuteuliwa mwanazuoni wa Trinity College.

ALIGUNDUA NINI HASA?

Tutaje mambo matatu.

La kwanza ni mafungu. Nenda dikoni uwatazame wauza samaki. Una samaki 4 walio sawa. Unaweza kuwagawa katika mafungu kwa njia ngapi? Fungu moja la 4. Au 3 na 1. Au 2 na 2. Au 2, 1 na 1. Au mmoja mmoja. Jumla ni njia 5. Samaki wakiwa 10, njia ni 42. Wakiwa 100, njia ni 190,569,292. Wakiwa 200, njia zinakuwa 3,972,999,029,388, yaani karibu trilioni nne. Hakuna mtu wa kuziorodhesha. Mwaka 1918 Ramanujan na Hardy walichapisha kanuni inayokadiria idadi hiyo kwa usahihi wa ajabu bila ya kuorodhesha. Njia waliyoibuni humo imekuwa chombo cha kazi cha nadharia ya namba mpaka leo.

Ramanujan aliona na jengine ambalo halikuwa limeonekana. Samaki 4 wana njia 5. Samaki 9 wana njia 30. Samaki 14 wana njia 135. Samaki 19 wana njia 490. Tazama: kila idadi ya samaki inayoishia na 4 au 9, njia zake hugawika kwa 5 bila ya kubaki. Hilo halina mwisho, na yeye alilithibitisha.

La pili ni namba inayoitwa pai, ile 3.14159 na kuendelea, tunayoitumia kupata mzunguko wa duara. Mwaka 1914 alichapisha njia mpya za kuikokotoa. Chukua simu yako: gawa 9801 kwa 2206, kisha jibu ligawe kwa 1.41421356. Utapata 3.1415927, na hiyo ni hatua ya kwanza tu ya moja ya kanuni zake. Kila hatua inayofuata inaongeza takriban tarakimu nane sahihi. Mwaka 1985 kanuni hiyo ilitumika katika kompyuta kupata tarakimu milioni 17 za pai.

La tatu ni dai alilolitoa mwaka 1916 kuhusu mfuatano fulani wa namba. Hakuweza kulithibitisha. Lilibaki wazi mpaka mwaka 1974, pale Pierre Deligne wa Ubelgiji alipolithibitisha kwa kutumia hisabati ambayo haikuwepo zama za Ramanujan. Dai lenyewe limezaa matumizi katika kupanga mitandao ya mawasiliano.

NAMBA 1729

Hiki ndicho kisa kinachosimuliwa kuliko vyote. Ramanujan alikuwa amelazwa Putney, London. Hardy alikwenda kumtazama kwa teksi, na kwa kukosa la kusema akaanza na namba ya teksi ile: 1729. Akasema ni namba isiyo na mvuto. Ramanujan akamjibu kuwa sivyo, ni namba ya kuvutia sana, kwa sababu ndiyo ndogo kabisa inayopatikana kwa njia mbili tofauti kwa kujumlisha vipeo viwili vya tatu.

Jaribu. 12 × 12 × 12 ni 1,728. Ongeza 1 × 1 × 1, unapata 1,729. Kisha 10 × 10 × 10 ni 1,000, na 9 × 9 × 9 ni 729. Jumlisha, unapata 1,729 ile ile.

Watu hukisimulia kisa hiki kama muujiza. Kwenye madaftari yake, hata hivyo, hesabu hiyo imo. Alikuwa ameifanyia kazi kabla. Aliijua 1729 kama mkulima anavyoujua mkarafuu wake: kwa kuwa ameukalia chini miaka. Yeye mwenyewe akisema kwamba mengi yalimjia kwa baraka za mungu wa kike wa familia yake, kwa mujibu wa dini yake ya Kihindu. Hardy hakuwa mtu wa dini na hakukubaliana na hilo. Wote wawili walijua idadi ya saa alizokuwa akikesha.

MARADHI NA KUFA

Kuanzia mwaka 1917 afya yake ilivunjika. Aliingia na kutoka hospitali. Madaktari wa wakati ule walidhani ni kifua kikuu. Mwaka 1994 daktari mmoja wa Uingereza aliyezipitia kumbukumbu za ugonjwa wake alitoa maoni kwamba huenda yalikuwa ni maradhi ya ini yatokanayo na amiba, mabaki ya kuharisha damu alikowahi kuugua India. Ikiwa ni hivyo, hata kwa elimu ya zama zile yangeweza kutibika kama yangetambuliwa.

Mwaka 1919 alirudi India. Januari 1920, akiwa kitandani, aliandika barua ya mwisho kwa Hardy kumweleza aina mpya ya milinganyo aliyoigundua. Alifariki tarehe 26 Aprili 1920. Janaki, mjane mwenye miaka ishirini na kitu, aliishi miaka mingi kwa kushona nguo. Alifariki mwaka 1994.

Kurasa za mwisho za Ramanujan zilipelekwa Uingereza, zikapita mikono mbalimbali, zikasahaulika. Mwaka 1976 George Andrews, mwanahisabati wa Marekani, alizikuta ndani ya sanduku katika maktaba ya Trinity College. Ni zaidi ya kurasa 100. Ile milinganyo ya barua ya mwisho ilipata maelezo ya kuridhisha mwaka 2002 tu, katika utafiti wa Sander Zwegers wa Uholanzi, na leo wanafizikia wanaitumia katika kuchunguza mashimo meusi ya angani. Katika madaftari yake yote, matokeo yanakaribia 3,900, na mengi sana yamethibitika kuwa sahihi.

INAKUHUSU NINI WEWE MWENYE SIMU?

Hardy alijivunia kwamba hisabati yake haina faida yoyote ya kidunia. Aliliandika hilo katika kitabu chake cha mwaka 1940. Maisha yakamsuta.

Mwaka 1977 wataalamu watatu waliokuwa wakifanya kazi Marekani, Rivest, Shamir na Adleman, walibuni njia ya kuficha ujumbe kwa kutumia namba tasa. Msingi wake ni huu. Kuzidisha 83 kwa 97 ni kazi ya dakika moja: 8,051. Lakini mtu akikupa 8,051 akakuuliza imetokana na namba tasa gani mbili, utahangaika. Sasa fikiria namba yenye tarakimu zaidi ya 600. Hata kompyuta zenye nguvu kubwa haziwezi kuivunja kwa muda wa maana. Ile alama ya kufuli unayoiona juu ya ukurasa wa intaneti inategemea nadharia ya namba ya aina hii. Bila ya elimu hiyo, nywila unayoiandika mtandaoni ingesomwa na kila aliye njiani.

Ramanujan hakuibuni njia hii. Lakini elimu aliyoitumikia, iliyoonekana ni mchezo wa watu wasio na kazi, ndiyo inayolinda siri za mamilioni ya watu leo.

NA HUKU KWETU?

Kisa cha Ramanujan kina ndugu yake Tanzania. Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu katika skuli ya Magamba, Lushoto, aitwaye Erasto Mpemba, aligundua kwamba maziwa aliyoyaweka kwenye barafu yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopozwa. Jina lake lisikuchanganye, alikuwa mtu wa Bara. Mwalimu alimwambia kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliliuliza swali lile lile mbele ya Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi akajaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Leo jambo hilo linajulikana duniani kwa jina la Mpemba, na wanasayansi bado wanabishana juu yake.

Katika hisabati yenyewe, Tanzania ina Profesa Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, mwanamke wa kwanza wa nchi hii kupata shahada ya uzamivu ya hisabati, aliyoisomea Berlin, Ujerumani. Ipo pia tuzo ya kimataifa yenye jina la Ramanujan, inayotolewa tangu mwaka 2005 na kituo cha ICTP cha Trieste, Italia, kwa wanahisabati vijana wa nchi zinazoendelea. Mwaka 2011 ilikwenda kwa Mwafrika, Philibert Nang wa Gabon.

Hatusemi kwamba kila anayefeli ni Ramanujan. Yeye mwenyewe kufeli kulimuumiza na kulimcheleweshea maisha yake mafupi. Tunachokiona ni kwamba mtihani ulipima vitu vingi, na kile kimoja alichokuwa nacho kuliko watu wote haukuweza kukibeba peke yake. Kilichomuokoa ni watu wachache waliokubali kukaa na kuyasoma madaftari yake: ofisa wa serikali, mkubwa wa kazi bandarini, na profesa wa mbali aliyeijibu barua ya mtu asiyemjua. Mwalimu au mzazi anayeona mtoto wake amejaza daftari kwa mambo ambayo hayamo kwenye silabasi, tunamuomba alitazame kwanza kabla ya kulikemea.

KWA UFUPI

1887: Azaliwa Erode, India.
1903: Apata kitabu cha Carr.
1906 na 1907: Afeli mitihani ya chuo, Madras.
1912: Aanza kazi Bandari ya Madras.
1913: Amwandikia Hardy.
1914: Asafiri kwenda Cambridge.
1918: Aingia Royal Society; kanuni ya mafungu yachapishwa.
1919: Arudi India.
1920: Afariki, miaka 32.
1976: Kurasa zake za mwisho zapatikana.

India huadhimisha tarehe 22 Disemba, siku aliyozaliwa, kuwa Siku ya Taifa ya Hisabati.

ZOEZI LA WASIKILIZAJI

Samaki 4 wana njia 5 za kugawika mafungu. Je, samaki 5 wana njia ngapi? Chukueni kokwa tano au punje tano za karafuu, mzipange pamoja na watoto nyumbani. Mkizipata njia 7, mmepatia. Mkishamaliza, jaribuni 6, na jibu lake tunawaachia nyinyi.